Nepi Yenye Uzi wa Buluu

Sesilia alikuwa mtu wa kinyaa, na Nyarugusu si mahali pa mtu wa kinyaa. Vumbi la karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, linaingia ndani hata ukifunga dirisha. Linakaa juu ya uji, juu ya maji ya kunywa, juu ya kope za mtoto, na jioni ukipenga kamasi unatoa udongo. Watu wamezoea. Sesilia alikuwa na miaka sita pale na alikuwa hajazoea hata kidogo. Hagusi chakula cha jirani, hanywi chai ya msibani, na akipewa mkono na mtu aliyetoka shimoni anaupokea kwa ncha za vidole, kisha anazunguka nyuma ya nyumba kutafuta maji. Walimwita Mama Sabuni. Alijua, na hakuona aibu.

Usafi huo alitoka nao kwao Kolandoto. Mama yake alifua mashuka ya hospitali ya misheni miaka ishirini, akirudi nyumbani ananuka jiki, na kwake kijiko kilichoanguka chini kilichemshwa hata kama kilianguka juu ya mkeka. Sesilia alikulia kwenye mvuke huo. Akaja kuolewa na Charles, mwanamume mpole, mcheshi, mwenye fungu lake kwenye mwalo mmoja, pale wanaposafishia mchanga wa dhahabu kwa maji ya matope. Nguo zake za kazi ziliishia mlangoni. Hilo walielewana tangu mwezi wa kwanza.

Mtoto alichelewa. Miaka minne ya kuulizwa na wakwe, kisha akaja Loveness, ambaye sasa alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, meno sita, na tabia ya kuonja kila kilichopo duniani. Alionja viatu. Alionja ukingo wa beseni lake la kijani wakati wa kuoga, akiuguguna kwa meno hayo huku maji yanamtiririka kichwani. Na hakulala bila nepi moja maalumu, ya kitambaa kizito cheupe, ambayo bibi yake wa Kolandoto aliipindia pembeni kwa uzi wa buluu. Nepi yenyewe ilishaacha kuvaliwa. Kazi yake ilikuwa moja: Loveness aliitafuta ile kona ya buluu, akaitia mdomoni, akainyonya mpaka macho yakafumba.

Safari ya kisiwani ilizaliwa Jumapili moja, kwenye hilo beseni. Sesilia alimwogesha mtoto mchana, maji yakatoka na rangi ya chai ya maziwa. Akayamwaga, akarudia. Rangi ile ile. Mara ya tatu akaketi kwenye kigoda na kulia kwa hasira. Mtoto wake alikuwa hajawahi kukaa chini akainuka safi, hata siku moja tangu azaliwe.

"Nataka wiki moja," alimwambia Charles jioni ile. "Wiki moja tu mtoto wangu akae kwenye mchanga usio na mtu aliyeutemea mate."

Alikuwa ameona kwenye simu picha za Ukerewe, mchanga mweupe na maji yanayoonyesha vidole vya miguu. Charles alicheka, akakuna kichwa, akasema sawa. Mwezi uliofuata akasema tena sawa, safari hii bila kucheka, na tarehe ikapangwa: Jumamosi, kupitia Mwanza, halafu meli mpaka Nansio.

Hapo ndipo alipogundua kwamba kwao hakuna neno la kitu anachokifanya. Bi Paskazia, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimkuta anaanika mashuka.

"Mwangaluka, Mama Loveness. Nasikia mnasafiri. Nani kafariki?"

"Shikamoo, mayu. Hajafariki mtu. Tunakwenda kupumzika."

"Marahaba. Kupumzika?" Bi Paskazia alihamisha tumbaku kutoka shavu moja kwenda jingine. "Basi mgonjwa nani?"

"Hakuna mgonjwa."

"Usinifiche, mwanangu. Mtu hapandi meli na mtoto anayenyonya kwa ajili ya kupumzika. Kuna mgonjwa." Akatema, mate meusi yakatua hatua mbili kutoka kwenye ndoo ya nguo. Sesilia alibeba ndoo ile ndani, akazisuuza upya nguo zote, ingawa mate hayakuzigusa.

Basi akapanga safari yake kwa kinyaa, kama alivyofanya mambo yote. Alipata namba ya nyumba ndogo ya wageni iliyoko ufukweni, ya mwanamke aitwaye Mwanaima, akampigia. Magodoro yamefunikwa mipira? Mashuka yanachemshwa au yanafuliwa tu? Choo ni cha watu wangapi? Hilo ziwa mnalosema zuri, konokono wa kichocho wako umbali gani na mchanga? Je, kuna mgeni aliyewahi kutapika chumbani? Charles, aliyekuwa anakula ugali pembeni, alijifunika uso kwa mkono wa kushoto.

"Mama Loveness, kule wanaishi watu," alinong'ona. "Hawalali mitini."

Mwanaima alikuwa na subira ya ajabu. Alijibu moja moja, kwa ile lafudhi ya visiwani inayokwenda taratibu. Mtoto ataoga maji ya kisima yaliyochemshwa, ziwani asiingizwe, mchanga wa juu ni mkavu na unafagiliwa. Kisha akasema, "Na mimi niulize moja, dada. Mnatokea machimbo gani?"

"Nyarugusu."

"Baba mtoto anashika zebaki?"

Sesilia aliliona lile swali kama kidole kimeingizwa kwenye sahani yake.

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu, usikasirike. Wageni wa machimboni huwa tunawaomba wasije na mabeseni wala sufuria zao. Vyombo vya mtoto vipo huku, vipya."

"Sisi si watu wa hivyo," alisema Sesilia, akakata simu. Halafu akasonya, msonyo mrefu uliomfanya Loveness aache kuguguna kiatu na kumtazama. "Umesikia? Mtu anayelaza kila mpita njia kwenye kitanda chake ndiye wa kuniuliza mimi habari ya uchafu! Beseni langu linakwenda. La kijani, na kigoda chake, na sufuria ya uji. Atanitambua."

Charles alimega ugali, akauviringa vidoleni kwa muda mrefu, asiutie mdomoni.

Sesilia alikuwa na haki ya kuudhika, au ndivyo alivyoamini. Mtaa mzima ulijua msimamo wake kuhusu zebaki, ile fedha ya majimaji inayonasa dhahabu kisha inakamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa. Loveness alipokuwa na miezi mitatu, bwana afya alikuja kufanya mkutano shuleni. Alisema zebaki inaingia kwa moshi, inaingia kwa ngozi, inapita kwenye maziwa ya mama, na kwa mtoto inakwenda kukaa kichwani. Wanawake wengine walicheka, maana wengi wao waume zao walichomea dhahabu kwenye majiko yale yale ya ugali, na kikaango kikipoa kinakaangiwa mayai. Sesilia hakucheka. Alirudi nyumbani, akamsimamisha Charles mlangoni na mtoto begani.

"Zebaki isivuke kizingiti hiki. Kushika mshikie huko huko mwaloni, kuchoma mchomee huko huko. Apa."

Charles aliapa kwa jina la marehemu baba yake. Tangu siku ile Sesilia alikuwa akizunguka na habari hiyo kama mtu aliyeokoka. Aliwatazama majirani wakikaanga mayai yao, na kichefuchefu chake kilikuwa na raha kidogo ndani yake, ile raha ya mtu anayejua kwamba uchafu uko ng'ambo ya ukuta.

Alhamisi alasiri alianza kufunga mizigo. Alitandaza kila kitu kitandani: kofia ya jua, gauni nne, sabuni, dawa ya homa, nepi za kulalia. Nepi zilipaswa kuwa nane, zikawa saba. Ya uzi wa buluu haikuwepo. Alitafuta chini ya kitanda, kwenye kapu la nguo chafu, kwenye kamba ya mbele. Mwishowe aliikuta nyuma ya bafu, imetundikwa juu ya mabati, mahali ambapo yeye hajawahi kuanika kitu. Ilikuwa imefuliwa na kukamuliwa kwa nguvu za kiume, mpaka mikunjo yake ilisimama.

Kwanza alitabasamu. Charles, ambaye hakujua sabuni inakaa wapi, amefua nepi ya mtoto kwa ajili ya safari! Aliirudisha chumbani amejaa huruma ya ndoa, akaishika ncha mbili na kuikung'uta ili aikunje vizuri.

Kitu kikaruka kutoka kwenye pindo la buluu. Kikagonga saruji na kukimbia. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama, kinang'aa, na kilipofika kwenye ufa kikapasuka kuwa vitano, na vile vitano vikawa kumi, vikitetemeka sakafuni.

Alikijua. Hakuna mtu wa Nyarugusu asiyekijua.

Aliibinya ile kona kwa vidole viwili, kule ambako uzi wa mama yake ulikuwa mnene kwa kunyonywa. Ndani ya mshono palikuwa pazito. Akabinya tena, vikatoka viwili vingine, vikamviringikia kiganjani, baridi, vizuri kutazama. Na wakati huo huo akaona mkono mdogo, mnono, unanyooshwa kuelekea kwenye ufa wa sakafu. Loveness alikuwa ameona vitu vinavyong'aa, na mdomo alikwisha kuufungua.

Sesilia hakukumbuka baadaye alivyomfikia. Alimnyakua, akatoka naye uani, akafunga mlango kwa mguu. Mtoto alilia kwa hasira ya kunyang'anywa. Alimkagua vidole, ulimi, chini ya ulimi. Hakuona kitu. Lakini kona ile mtoto aliinyonya jana usiku, na juzi, na wiki iliyopita.

Charles alirudi kabla ya jua kushuka, matope yamemkaukia mpaka magotini. Alimkuta mkewe amekaa kwenye kigoda uani, mtoto mgongoni, na nepi imelazwa juu ya jiwe mbele yake.

"Sema," alisema Sesilia.

Charles aliitazama nepi. Alivua kofia.

"Vitambaa vya mwaloni vimechakaa. Ukikamua, dhahabu inapita na zebaki. Hiyo haivuji. Nzito, imefumwa kubana. Nikaona mara moja tu, wewe ukiwa umetoka, tumalizie mzigo wa mchanga wa kulipia safari."

"Mara moja?"

"Mara... tatu. Nne. Lakini nilikuwa naifua, Mama Loveness! Kila nikimaliza naifua kwa sabuni ya unga, naikamua, naisuuza tena. Naapa."

"Umeshaapa kwangu, inatosha. Uliifulia wapi?"

Macho ya Charles yakamsaliti, yakakimbilia ukutani, mahali ambapo beseni la kijani liliegemezwa, safi, tayari kwa Ukerewe, ukingo wake umejaa alama za meno sita.

"Na kukamulia?" Sauti ya Sesilia ilikuwa imeshuka sana. "Zebaki ilidondokea wapi, Charles?"

"Ndilo beseni pekee lenye kina, haipotei hata tone..."

Sesilia aliinama pembeni akatapika. Alitapika chakula cha mchana, akatapika maji, kisha akatapika bila kutoa kitu. Maisha yake yote alikuwa ametapikia mate ya watu, nywele kwenye mchuzi, taulo za nyumba za wageni ambazo hata hajaziona. Sasa alitapikia nyumba yake mwenyewe. Charles alisogea kumshika bega, naye akaruka.

"Usiniguse! Mikono hiyo usiilete kwangu, wala kwa mtoto. Unanuka. Wewe na uongo wako mnanuka."

"Nilifanya kwa ajili yako," alisema Charles, na sasa naye alikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyebanwa. "Nani alitaka mchanga mweupe? Mimi? Na usinitazame hivyo kana kwamba mimi ndiye niliyeileta zebaki duniani. Wewe mwenyewe ulinishikia upande wa pili. Umesahau? Hapa hapa uani. Mbona siku zile hukutapika?"

Hakuwa amesahau. Alikuwa ameifukia tu. Ilikuwa kabla ya bwana afya na mkutano wake, mwaka ule wa mzigo mkubwa wa dhahabu, Charles alipokuja nyumbani na beseni kwa sababu mwaloni palijaa watu. Alimwambia, shika hapa. Wakashika kila mmoja upande wake, kipande cha shuka, wakazungusha yeye kulia na mumewe kushoto, kama wanavyokamua blanketi, na matone ya fedha yakapenya na kudondoka, na ndani kikabaki kidonge laini cha dhahabu. Walicheka. Alichovya vidole kwenye beseni kuyakusanya yale matone, yakamponyoka, akayakimbiza tena mpaka Charles akamwita mtoto mdogo. Pengine ndiyo jioni aliyompenda mumewe kuliko zote. Mimba ya Loveness ilikuwa ya miezi minne.

Sesilia alisimama. Kichefuchefu kilikuwa kimebadilika, hakikuwa tena cha kutapika. Kilikuwa kimeenea mikononi, chini ya kucha, kwenye matiti yaliyoanza kujaa kwa sababu mtoto alikuwa analia kunyonya, na hapakuwa na maji duniani ya kukiosha.

Lakini mtoto ilibidi aoshwe. Alitazama uani: beseni la kijani. Ndoo, ambayo sasa hakuiamini. Sufuria ya uji, ambayo hakuthubutu hata kuiulizia. Hakuna chombo hata kimoja ndani ya nyumba hiyo ambacho angemtia mwanawe. Akatoka, akazunguka ukuta, akabisha hodi mahali ambapo kwa miaka sita hakunywa hata maji.

"Shikamoo, mayu. Naomba beseni nimwogeshe mtoto."

Bi Paskazia alimtazama Mama Sabuni kuanzia kichwani hadi miguuni. Aliona uso, akaenda jikoni akaleta beseni kubwa la bati, limekunjika ukingo, linanuka dagaa. Akalisugua kwa jivu mara mbili, akamimina maji ya moto, akalisukuma mbele kwa mguu.

Sesilia alimwogesha Loveness humo, kwenye harufu ya dagaa, mbele ya mwanamke mwenye tumbaku shavuni, naye hakukunja pua. Maji yalitoka rangi ya chai ya maziwa. Safari hii aliishukuru rangi hiyo. Vumbi angalau unaliona.

"Nilikwambia kuna mgonjwa," alisema Bi Paskazia taratibu, akimpa khanga ya kumkaushia. Hakusema kwa kumkomoa.

Walilala kwake, mama na mtoto, kwenye mkeka. Loveness alitafuta kona yake ya buluu, akalia sana, mwishowe akachoka.

Asubuhi ya Ijumaa Sesilia alikuwa stendi na begi moja lisilo na chochote cha ndani ya nyumba, ila kadi ya kliniki na nepi ile ndani ya mifuko mitatu ya nailoni, imefungwa mafundo, kwa sababu alijua madaktari watataka kuona. Basi lilikuwa la Kahama na Shinyanga. Halikuwa la upande wa ziwa. Charles alisimama nyuma yao, hatua kumi, mikono ameitia mfukoni. Hakuna aliyemwambia aje na hakuna aliyemwambia arudi.

Kabla ya kupanda, Sesilia alipiga simu Ukerewe.

"Dada Mwanaima, ni mimi mama mwenye maswali. Kesho hatuji."

"Haya, dada. Salama lakini?"

Sesilia alimhamishia mtoto begani. "Lile swali lako. Jibu ni ndiyo. Alikuwa anashika. Kwenye nepi ya mtoto, na kwenye beseni lake."

Upande wa pili akasikia kuku, na maji yakipiga mahali fulani karibu.

"Kaka yangu alifanya kazi mwaloni miaka tisa," Mwanaima alisema. "Leo kikombe cha chai anashikiwa mdomoni. Ndiyo maana nauliza watu, na wengi wananikatia simu kama ulivyokata wewe. Unampeleka wapi mtoto?"

"Kolandoto, hospitali ya misheni. Ndiko nyumbani."

"Vizuri. Waambie kila kitu, usione aibu, maana watakuuliza ili wajue ilianza lini. Umesema baba ndiye aliyekuwa anashika. Yeye peke yake?"

Kondakta alipiga bati la basi kwa kiganja. Loveness, begani, alikuwa amepata kidole cha mama yake, kile cha shahada, akakitia mdomoni na kuanza kukinyonya kwa nguvu, macho yakimlegea.

Sesilia alikitazama kidole chake.

"Na mimi," alisema, na taratibu, kwa kuogopa kumwamsha, akaanza kukichomoa.